Ijumaa za Dirisha la Kushoto

Nikutegee kimoja kabla sijaanza. Hana meno na anauma, hana kuni na anachemka, ukimfungia mlango unamkuta ameshaingia. Umeshindwa? Basi nipe mji. Nipe Maglaj, ndio mji nilioukalia mpaka nywele zikageuka, na sitaki mwingine. Jibu ni wivu. Na wivu ninaousimulia hapa ulimwingia mwanamke wa miaka sitini na ushee, mbele ya macho yangu, nikiwa na kikombe cha kahawa mkononi.

Mwanamke huyo ni Behka, jirani yangu wa ng'ambo ya kichochoro. Dirisha lake na langu yanatazamana kwa karibu mno. Akikaanga kitunguu yeye, machozi natoa mimi. Mumewe ni Nazif, mzee mpole mwenye nyonga moja mbovu. Na dada yake Behka, Zumra, mkubwa wake kwa miaka michache, ni mjane na anakaa nyumba ya pili. Kati ya ua wa Behka na ua wa Zumra kuna kilango kidogo, ambacho wanawake hupitia bila kutoka barabarani. Kilango kile kilikuwa hakijui kufungwa. Chumvi ilipita pale, watoto walipita pale, umbea ndio usiseme.

Kiangazi kile, miaka michache baada ya vita, Samed, mtoto wa Behka na Nazif, alikuja likizo kutoka Austria alikokuwa amekimbilia, na safari hii alikuja na mke. Mkewe anaitwa Katrin. Binti wa watu, mwenye moyo mzuri na tumbo la miezi kadhaa, anayejifunza lugha yetu kama mtu anayekula samaki mwenye miba: kila neno analizungusha mdomoni kwanza, halafu ndipo analimeza.

Basi mchana mmoja tulikaa uani kwa Behka, chini ya mzabibu, tukinywa kahawa. Redio ya Zumra ilikuwa inaimba ng'ambo ya kilango, na ndani ya wimbo likapita neno moja. Katrin akalidaka.

"Mama, ashikovati ni kufanya nini?"

Wewe unayejua neno ashiki umeshafika nusu ya njia. Neno lilizaliwa kwa Waarabu, likapanda farasi wa Waturuki, likaja kushuka huku kwetu. Nasi tukalipachika mkia wa kwetu ili liwe jambo la kutendwa. Lakini kulijua lilikotoka si kulijua linakokwenda.

"Ni kupendana," akasema Behka.

"Kupendana wapi!" akasema Zumra. "Ni kuongea. Kupendana ni baadaye, na si wote."

"Mimi nasema ni kusimama," akasema Nazif akisugua nyonga yake. Tukacheka wote.

Na kila mmoja alikuwa na lake la kweli. Zamani zetu, Ijumaa baada ya sala, kijana alikuja akasimama chini ya dirisha la msichana. Msichana yuko juu, nyuma ya pazia. Kijana yuko chini, vumbini. Wanaongea. Wanataniana, wanategana vitendawili, wanapima akili. Hakuna kugusana hata kidole. Usiseme ni kutongoza, maana anayetongoza ana haraka. Usiseme ni kuchumbia, maana wazee hawajaitwa bado. Ni hapo katikati, na hapo katikati palikuwa patamu kuliko kote.

Katrin alifurahi kama aliyeokota kitu. Akaanza kulikunjua neno kwa vidole, kama alivyofundishwa darasani.

"Ashikujem, mimi. Ashikujesh, wewe. Ashikuje, yeye." Akahamia mkono wa pili. "Ashikujemo, sisi. Ashikujete, nyinyi. Ashikuju, wao!"

"Hee! Huyu anatupita wenyewe," Zumra akapiga makofi.

"Mwalimu wangu anasema neno halikai kichwani mpaka ulitumie kwa mtu," akasema Katrin. Kisha akamgeukia baba mkwe wake. "Baba, na wewe uliashikovati?"

Swali hilo huku kwetu haliulizwi. Mtaa mzima unajua nani alisimama chini ya dirisha la nani, na ndoa zikishafungwa jambo hilo linafukiwa, watu wanapanda maua juu yake. Mtoto wa hapa angefinywa paja kabla hajamaliza kuuliza. Lakini bibi harusi mgeni hafinywi. Na Nazif, maskini, ni mtu ambaye miaka inapita bila mtu kumuuliza chochote zaidi ya dawa yake ameiweka wapi.

"Niliashikovati, mbona!" akasema, kifua kikimjaa. "Majira ya machipuko yote, mpaka kiangazi. Pale mtaa wa juu, nyumbani kwa baba mkwe, dirisha la kushoto. Mvua, jua, Ijumaa hata moja sikukosa."

"Na mama yuko juu dirishani!" akasema Katrin, macho yanamng'aa.

Nyuki walisikika kwenye zabibu.

Dirisha la kushoto lilikuwa la Zumra.

Behka alikuwa na hadithi yake ya ndoa, sote tunaijua, maana ameisimulia kwenye kila harusi ya mtaa. Kwamba Nazif alimwona njiani mara moja, mara moja tu, akarudi nyumbani akamwambia mama yake, "Yule au hakuna." Wazee wakaja, kwisha. Hadithi hiyo amelala nayo maisha yake yote kama mto chini ya kichwa. Sasa mto umevutwa, na aliyeuvuta ni mwenye nyumba.

Behka aliinua kibirika cha shaba, akaanza kutujazia kahawa ya pili. Mimi povu, Katrin povu, hata Nazif alipata povu kidogo. Cha Zumra alikimimina kutoka juu, maji meusi matupu. Kwetu kahawa isiyo na povu humpi dada yako. Unampa mtu aliyekuja kukata umeme. Zumra akakitazama kikombe, akakinywa, akasema "Asante, mdogo wangu," akaondoka.

Jioni ile ile kilango cha uani kiliwekewa karai kubwa la kufulia, na juu ya karai magogo.

Siku zilizofuata, sijui nicheke au nilie. Behka aliacha kusema na mumewe. Kila neno lilipitia kwa Katrin, ambaye kwa lugha yetu alikuwa bado anatambaa.

"Mwambie baba mkwe wako chakula kiko mezani."

"Baba, chakula kiko meza."

"Mwambie mama mkwe wako nimesikia, nimekaa hapa hapa."

"Mama, baba amesikia, amekaa hapa."

"Mwambie kama chakula chenyewe hakimfai, aende dirisha la kushoto, huenda wamempikia."

Katrin akafikiri sana. "Baba, chakula kingine kiko dirishani."

Nazif akainuka akaenda kuchungulia dirishani.

Behka alikuja kwangu na unga bado mikononi, akaendelea kusukuma unga wa pita, ule mkate wetu mwembamba wa kujaza viazi, kwenye meza yangu, kwa sababu kwake alisema hapavutiki hewa. Aliusukuma unga mpaka ukatanda meza yote, mwembamba kama shuka iliyofuliwa mno, na kila alivyousukuma alinitolea moja.

"Baada ya vita, alipomwezekea Zumra paa, unakumbuka? Alikaa huko juu siku nzima!"

"Behka, lilipigwa kombora. Paa lote lilikuwa limeondoka."

"La kwetu alilimaliza kwa nusu siku."

"La kwenu lilitoboka tundu moja."

"Na maboga yake ya bustani, anampelekea kwanza nani? Na vichekesho vya Zumra, anavichekaje? Mimi nikichekesha, anakohoa." Akakunja unga juu ya viazi kwa nguvu mpaka ukapasuka. "Jirani, nataka kujua kitu kimoja tu. Mimi nilichaguliwa, au nilibaki? Zumra alimchukua Hilmo, marehemu mumewe, huyu wangu akatazama nyumbani mle, akaona kuna mwingine rafuni. Ndivyo ilivyokuwa?"

"Muulize mwenyewe."

"Atasema ninachotaka kusikia. Wanaume wamejaliwa hilo." Akafuta mikono. "Samed na mkewe wanarudi Jumamosi. Nimemwambia aniwekee nafasi kwenye gari. Katrin anajifungua majira ya baridi, atahitaji mtu. Nitakaa huko. Na nikikaa, nakaa."

Hapo nilipata baridi, kwa kweli. Nazif hajui chai inachemshwaje. Na huyu Behka namjua, akisema anakaa, anakaa.

Tukiwa bado tumetazamana, mlango wangu wa mbele ukabishwa, akaingia Zumra anahema.

"Umefunga kilango kwa karai, nimezunguka barabara nzima kama mgeni," akasema, akajitupa kwenye kiti. "Haya. Sema nami, la sivyo nipasuke."

"Sina la kusema na wewe."

"Basi nijibu tu. Ijumaa zile, wewe ulikuwa wapi?"

"Unajua nilikuwa wapi! Kwa shangazi, nachambua sufu. Mlinitoa nyumbani kila Ijumaa, nisionekane kabla ya wewe kuolewa. Mdogo hachunguliwi wakati mkubwa bado yupo ndani. Ndiyo ilikuwa desturi, au nimesahau?"

"Hujasahau. Na kwenda kwa shangazi ulipita wapi?"

"Kona ya mwoka mikate. Njia nyingine ilikuwa ipi?"

"Na Nazif kabla ya kuja kwangu alikuwa akisimama wapi?"

Behka akashika pita, akaanza kuziba palipopasuka.

"Mimi nakwambia alisimama wapi. Kila Ijumaa alifika chini ya dirisha langu bega moja limejaa unga, kwa kuegemea ukuta wa yule mwoka mikate. Unga begani, na macho yameshashiba. Nasema naye, ananijibu 'naam, naam', kama mtu anayesubiri treni. Ijumaa ya pili tu nikajua. Alikuwa anakuja kukuona wewe ukipita na kapu lako. Lakini afanyeje? Kijana hasimami mtaani kwetu bila dirisha. Kaka zetu wangemuuliza, 'Wewe, una nani hapa?' Alihitaji dirisha la kusimamia, na lililokuwa halali ni langu."

"Na wewe ukamwacha?"

"Nilimwacha kwa raha zangu!" Zumra akaanza kucheka peke yake. "Mimi nilimtaka Hilmo. Na Hilmo, Mungu amrehemu, alikuwa mzito kama gunia lililonyeshewa. Alipomwona Nazif chini ya dirisha langu, usingizi ukamwisha. Kabla mahindi hayajavunwa akaleta wazee. Nazif wako alinifaa kuliko hirizi!"

Mimi nilicheka mpaka nikashika meza. Nikadhani yamekwisha. Nikageuka nimwone Behka akicheka.

Hakuwa anacheka. Uso ulikuwa umemshuka, na sauti ilipotoka ilikuwa ndogo.

"Kwa hiyo nyote mlipata. Wewe ulipata Ijumaa zako. Hilmo akapata wivu wake. Nazif akapata kona yake. Mimi nikapata sufu."

"Ulimpata mwenyewe, mdogo wangu. Nyumba, watoto..."

"Hayo hupatikana na kila mtu! Wewe ulipoolewa, yeye akaletewa karatasi ya jeshi. Wazee wakaja Jumanne, Jumanne jamani, ndoa ikafungwa mbio mbio kabla hajapanda treni. Nilihamia chumba chenye dirisha la kushoto kwa muda gani? Sikufika hata Ijumaa. Hakuna mtu aliyewahi kusimama chini ya dirisha langu, Zumra. Hata mmoja. Hata kwa kukosea nyumba."

"Sasa hapo unamwonea wivu nani?" Zumra akauliza kwa upole.

"Wewe! Bado wewe! Juzi nilikuonea kwa sababu ya mume, leo nakuonea kwa sababu ya yale maneno aliyoyamwaga chini ya dirisha lako na hata hukuyataka."

"'Naam, naam' ndiyo maneno?"

"Hata hayo!"

Akatoka, akaiacha pita yake kwangu ikiwa mbichi. Nikamwona kwa dirisha akiingia kwake, akamwita Katrin, akaweka mikono kiunoni. Alipaza sauti ili asikiwe na aliyepaswa kusikia.

"Mwambie baba mkwe wako hivi. Ijumaa, baada ya sala, kama ana haja na mimi, anajua dirisha liko wapi. Asiingie kwa mlango. Asipokuja, Jumamosi naondoka, na asinipigie simu."

Katrin akavuta pumzi. "Baba. Ijumaa wewe mlango hakuna. Wewe dirisha."

"Nipande ngazi?" Nazif akashtuka. "Na nyonga hii?"

Samed akamweleza baba yake pembeni, sikusikia yote, lakini nilisikia jibu la mzee. "Mwanangu, msikiti mzima unapita kichochoro hiki. Watanicheka mpaka nife, na wakinizika watacheka tena."

Alhamisi Nazif alishinda bustanini, anapalilia mahali palipokwisha kupaliliwa. Behka alifunga mfuko wake, nguo za baridi chini, za kiangazi juu, akausimamisha mlangoni ambapo kila anayeingia angejikwaa.

Ijumaa ikafika. Nisiseme uongo, nilivuta kiti changu dirishani mapema, nikaweka na mbegu za kutafuna. Sala ikaisha, wanaume wakaanza kuteremka kichochoroni kwa makundi. Nazif alikuwa katikati yao, kofia imekaa sawa. Akafika chini ya nyumba yake. Juu, pazia likatikisika.

Akapita.

Akapita moja kwa moja na wenzake, anaongea habari za kuni za majira ya baridi, akapotea kwenye kona. Wallahi mbegu zilinikwama kooni. Behka akavuta ubao mmoja wa dirisha, ukabaki mmoja wazi. Mkono wake ulikuwa juu ya ule wa pili.

Kumbe alikuwa anawasindikiza tu wale wenye midomo mikubwa. Akatokea tena peke yake, anachechemea, amelowesha nywele za pembeni kwa maji ya bomba la msikiti na kuzichana. Akasimama chini ya dirisha. Akavua kofia, akaivaa tena. Hakujua mikono aiweke wapi.

"Wewe, kijana," Behka akasema kutoka nyuma ya pazia, "umepotea?"

"Hapana. Nimefika."

"Mtoto wa nani?"

"Wa Mustafa fundi viatu, Mungu amrehemu."

"Nasikia una tabia ya kusimama chini ya madirisha ya watu."

"Nilisimama chini ya moja."

"La nani?"

"La dada yako."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nakaa na macho yangu barabarani, ili ukirudi na kapu nikuone mara ya pili."

Hilo hata Zumra hakuwa amelijua. Pazia likatulia kabisa.

"Na kwa nini hukuniita?"

"Kaka zako wangenivunja miguu."

"Na sasa?"

"Sasa kaka zako wamekufa, na miguu imejivunja yenyewe."

Nikasikia kicheko kidogo juu kule, kimezibwa kwa kiganja. Wanaume wawili waliochelewa wakapita. Mmoja akasema, "Nazif, mlango uko upande ule!" Naye, yule mzee wa haya asiyethubutu kudai chenji dukani, akajibu bila kugeuka, "Mlango naujua. Leo nina kazi hapa. Pita."

Nazif na Behka wakaendelea. Nazif akamuuliza kama anapenda maboga yanapokuwa machanga au yakikomaa. Akamuuliza kwa nini hucheka kwa pua. Hayo si maneno ya wimbo, lakini alikuwa anayauliza akitazama juu, shingo imempinda, na jasho linamshuka. Nyonga ilikuwa inamuuma, nilimwona akihamisha uzito, mguu huu, mguu ule.

Zumra naye alimwona. Akatokea mbele ya nyumba yake amebeba kiti cha jikoni, akakiweka karibu na shemeji yake. "Kaa, shemeji, usije ukatuangukia."

Pazia likafunguka lote.

"Rudisha kiti chako!" Behka alipaza sauti mpaka paka wangu akaruka. "Zumra! Ulikuwa na zamu yako! Huyu kaja kwangu!"

"Nyonga yake, mdogo wangu..."

"Nyonga yake naijua mimi!"

Nazif alikitazama kile kiti. Namjua mtu mwenye maumivu anavyotazama kiti. Kisha akakisukuma taratibu kwa mguu mpaka kikafika ukutani kwa Zumra, akajinyoosha kadiri mgongo ulivyomruhusu.

"Asante, shemeji," akasema. "Sijachoka."

Zumra akachukua kiti chake, akaja kukaa kwangu, tukagawana mbegu.

Jua lilikuwa limegeukia upande wa mtoni wakati Katrin alipoingia chumbani kwa mama mkwe wake. Nilimwona nyuma ya bega la Behka, ameukumbatia ule mfuko.

"Mama, Samed anauliza. Mfuko niweke ndani ya gari sasa?"

Behka hakugeuka. Alikuwa ameegemea kizingiti, kidevu kwenye kiganja, anatazama chini.

"Ufungue," akasema. "Juu kabisa kuna blauzi ya buluu. Nipe haraka, mwanangu, nimevaa ya jikoni na mtu mwenyewe amesimama."